Kabla ya kupandisha ushuru wa soko: jibu kwa diwani mpya

SWALI: Mimi ni diwani wa kata moja katika halmashauri ya wilaya, na huu ni muhula wangu wa kwanza. Tumeletewa rasimu ya makisio inayopandisha ushuru wa soko na ada za stendi. Wananchi wangu wamechoka, na kila nikiuliza njia nyingine naambiwa "hakuna chanzo kipya". Je, zipo njia za kibunifu ambazo serikali, iwe kuu au ya mitaa, inaweza kupata fedha bila kuongeza kodi? Au ni maneno ya majukwaani tu?

JIBU: Mheshimiwa Diwani, njia zipo, na baadhi zimo kwenye makabati ya halmashauri yako tangu hujachukua hata fomu ya kugombea. Ila nikutahadharishe kwanza, usije ukaingia kikaoni na matumaini yanayozidi hesabu. Mwaka wa fedha 2024/25 Mamlaka ya Mapato, TRA, ilikusanya takriban shilingi trilioni 32. Juni 2025, mashirika ya umma na kampuni ambazo serikali ina hisa zilikabidhi gawio na michango iliyovuka kidogo trilioni 1, na hiyo ilikuwa rekodi iliyopigiwa makofi Ikulu. Trilioni 1 kwa 32 ni kama asilimia 3. Kwa hiyo mtu akikwambia nchi inaweza kuendeshwa kwa ubunifu badala ya kodi, mpe chai na umsindikize.

Mimi ninadai kitu kidogo zaidi ya hicho. Kabla ya kumgusa mama anayeuza nyanya, serikali ina mali ambayo haijui thamani yake, au haijui anayeitumia, au inaipangisha kwa bei ya mwaka 47. Ardhi, fremu, hisa, masafa ya simu, madini, hata jina lake zuri mbele ya wakopeshaji. Hapo ndipo pa kuanzia.

Na unahitaji kipimo, kwa sababu utaletewa mengi yaliyovishwa nguo ya ubunifu. Kipimo changu ni swali moja: anayelipa anapata nini mkononi, na anaweza kusema "sitaki" maisha yake yakaendelea? Kampuni inayoshindania masafa kwenye mnada inaweza kujitoa. Anayenunua kiwanja anaweza kwenda kununua kwingine. Lakini mzazi anayemtumia mtoto wake wa chuo elfu ishirini hana pa kukimbilia. Unakumbuka tozo za miamala ya simu zilizoanza Julai 2021, kuanzia shilingi 10 hadi 10,000 kwa muamala. Kwenye makaratasi haikuitwa kodi. Watu walipiga kelele, baadhi wakarudi kutuma hela kwa makondakta wa mabasi, na ndani ya miezi miwili serikali ikapunguza kwa asilimia 30. Ikapunguzwa tena baadaye, na mwaka 2023 ile ya kutuma ikafutwa. Kilichoitwa chanzo kipya kilikuwa kodi, tena inayomwangukia zaidi asiye na njia nyingine ya kutumia hela yake.

Kwa kipimo hichohicho, ule mchango wa asilimia 15 ya mapato ghafi ambao taasisi za umma hupeleka Hazina unanitia shaka. Taasisi inayokatwa kwenye mapato ghafi, kabla haijalipa hata umeme, itaurudishia mzigo huo kwa anayefuata foleni dirishani. Ada ya leseni au ya kibali ikipanda, ujue sehemu yake imetoka huko.

Sasa twende kwako. Omba daftari la wapangaji wa halmashauri: fremu za stendi, vizimba vya soko, vibanda vya kuzunguka uwanja wa mpira, nyumba za zamani za watumishi, viwanja vya wazi vilivyopangishwa kwa minara ya simu na mabango. Usiombe muhtasari, omba daftari lenyewe pamoja na mikataba. Nimekaa hazina za halmashauri miaka mingi na ninajua utakachokuta, maana karibu kila mahali ni kilekile. Mkataba umekwisha muda lakini mpangaji yumo. Jina la kwenye mkataba ni la mtu aliyehama au aliyefariki. Kodi ya pango ni ileile iliyopangwa soko likiwa bado la mabati. Na aliyemo ndani, yule unayemwona kila siku akipanga vitenge mlangoni, hana hata karatasi moja ya halmashauri. Analipa kwa mtu.

Tuseme halmashauri inapokea elfu hamsini kwa mwezi kwa fremu moja, na mfanyabiashara aliyemo anamlipa huyo wa kati laki mbili na nusu. Hapo laki mbili zinapotea kila mwezi kwa kila fremu, na hakuna mwananchi atakayeumia zikirudi, kwa sababu mwenye biashara tayari anazilipa. Fremu mia moja za namna hiyo ni milioni 240 kwa mwaka. Linganisha na kile ambacho ongezeko la ushuru wa soko linakisiwa kuleta kwenye rasimu yenu, halafu muulize mweka hazina kwa nini mnaanza na nyanya.

Dawa yake si ngumu kuieleza. Fanyeni uhakiki mlango kwa mlango, mpeni mkataba aliyemo ndani na anayefanya biashara kweli, wekeni bei karibu na ya mtaani lakini chini yake kidogo ili aone faida ya kushirikiana nanyi, pigeni marufuku kupangisha upya, na wekeni kifungu cha kupitia bei kila baada ya miaka michache. Malipo yapite kwa kontroo namba, yasipite mkononi mwa mtu. Ugumu uko kwingine, na wewe kama mwanasiasa utauona kabla yangu. Kwenye orodha ya hao wa kati utakuta majina ya watu unaosalimiana nao vikaoni. Ndiyo maana kila mwaka ni rahisi zaidi kupandisha ushuru wa meza.

Tukiwa hapohapo sokoni, angalia mashine za POS, zile za kukatia risiti za ushuru. Ripoti za CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, hazijaacha kutaja mwaka hata mmoja, kwa kadiri ninavyozisoma, fedha zilizokusanywa kwa POS zikachelewa kufika benki au zisifike kabisa. Watu wa hazina wanaiita fedha mbichi: imeshakusanywa, mwananchi ameshalipa, imeishia njiani. Kuongeza kiwango cha ushuru wakati mfumo unavuja ni kumwongezea chakula mwizi. Tangu mfumo wa malipo ya serikali, GePG, uanze mwaka 2017, hakuna sababu ya kitaalamu ya malipo makubwa kupita mkononi mwa wakala. Kwa ushuru mdogo wa kila siku mashine bado inahitajika, lakini usuluhishi, yaani kulinganisha kilichokatiwa risiti na kilichofika benki, unaweza kufanywa kila wiki. Kamati yenu ya Fedha, Uongozi na Mipango ina haki ya kuuona.

Kukusanya vizuri nako kuna kasoro zake. Kodi ya jengo ilipohamishiwa kwenye LUKU mwaka 2021, shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, makusanyo yakawa rahisi mno. Ila inakatwa kwa anayenunua umeme, na anayenunua umeme mara nyingi ni mpangaji. Kodi ya mwenye nyumba ikamhamia asiye na nyumba. Ukisikia mtu anasifia mfumo wa kielektroniki, muulize unamkata nani.

Kuna mfano mmoja ninaoupenda kuliko yote kwa sababu unakwenda kinyume na tulivyozoea. Hadi mwaka 2019 mchimbaji mdogo wa dhahabu alitakiwa kulipa VAT ya asilimia 18 na kodi ya zuio ya asilimia 5, juu ya mrabaha, ile sehemu ya thamani ya madini inayokwenda serikalini. Matokeo yake dhahabu ilikuwa inatoka usiku. Aliyefuata sheria alikuwa anamuuzia mnunuzi kwa hasara, na aliyekwepa alikuwa analala vizuri. Mwaka huo serikali ikaziondoa kodi hizo mbili kwa wachimbaji wadogo, ikabaki na mrabaha wa asilimia 6 na ada ya ukaguzi ya asilimia 1, na ikafungua masoko ya madini, la kwanza Geita mwezi Machi. Sokoni kuna mzani wa serikali, kuna wanunuzi wenye leseni wanaoshindana, na mchimbaji anaiona bei ya siku. Makusanyo ya sekta yakapanda kutoka takriban bilioni 346 mwaka 2018/19 hadi zaidi ya bilioni 520 mwaka uliofuata, na mwaka 2024/25 yakavuka trilioni 1. Si yote yametokana na masoko. Bei ya dhahabu duniani nayo imepaa kwa kiasi kikubwa katika miaka hiyo, na migodi mikubwa ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya mrabaha. Hata hivyo, mchimbaji wa Chunya au Kahama aliyekuwa anajificha sasa anaingia mlango wa mbele. Kodi ilipungua, mapato yakapanda. Kama wilayani kwako kuna zao linalovushwa usiku kwenda wilaya jirani kwa sababu ya ushuru au geti, lifikirie kwa namna hiyo kabla ya kuongeza geti lingine.

Nije kwenye ardhi, maana kwa halmashauri hakuna mali inayoikaribia.

Mwaka 2002 Wizara ya Ardhi ilikopa Hazina takriban shilingi bilioni 8.9 kwa ajili ya mradi ulioitwa wa viwanja 20,000 jijini Dar es Salaam. Walichofanya ni hiki: wakachukua mashamba ya pembezoni, Kibada, Tuangoma, Bunju, Mbweni, Buyuni na kwingineko, wakalipa fidia, wakapima, wakachonga barabara za udongo, kisha wakauza viwanja kwa bei iliyorudisha gharama na kubakiza. Mkopo ulirudishwa, na idadi ya viwanja ikapita lengo. Hakuna aliyetozwa kodi. Thamani ilitokana na serikali kufanya kazi ambayo ni yake peke yake: kupanga, kupima, na kumpa mtu hati ambayo benki inaitambua.

Kwa wilaya yako hesabu inaweza kwenda hivi, na namba hizi ni za mfano tu. Ekari 100 za pembezoni mwa mji mdogo mnazinunua kwa wenyewe kwa milioni 3 kila moja, hiyo ni milioni 300. Barabara, maeneo ya wazi, shule na zahanati vinakula kama asilimia 30 ya eneo. Kinachobaki kinatoa viwanja 400 hivi vya mita za mraba 700. Mkiuza mita moja kwa shilingi 5,000, kiwanja ni milioni 3.5, na jumla ni bilioni 1.4. Ondoa fidia, ondoa upimaji, uchongaji wa barabara na watu wa mipango miji, hata mkitumia milioni 400 huko, kunabaki milioni 700. Tena kila kiwanja kitalipa kodi ya pango la ardhi mwaka hadi mwaka, kodi ambayo ipo kisheria tayari na haikuwa inalipwa kwa sababu hapakuwa na kiwanja.

Makosa ya mradi wa Dar es Salaam ni ya kujifunza. Waliolipwa fidia wengi walilalamika kwamba ilikuwa ndogo, kisha wakaona eneo lilelile likiuzwa kwa bei wasiyoweza kuikaribia. Maji na umeme vilichelewa. Walanguzi wakashika viwanja na kuviacha pori wakisubiri bei ipande. Ukitaka kuepuka hayo, tumia makubaliano ya kugawana: mwenye shamba hapewi fedha, anarudishiwa sehemu ya viwanja vyake vikiwa vimepimwa, na halmashauri inachukua vilivyobaki. Halmashauri kadhaa zimeshafanya hivyo. Fidia haikuumizi mwanzoni, na mwenye shamba anapanda na thamani badala ya kuachwa nyuma. Kwa walanguzi, weka masharti ya kuendeleza na uyasimamie kweli. Hapo ndipo tumekuwa dhaifu.

Serikali ilishatoa mikopo ya namna hii kwa halmashauri kupitia mpango wa Kupanga, Kupima na Kumilikisha, KKK, shilingi bilioni 50 mwaka 2021/22. Kuna zilizorudisha na kuna zilizotumia hela kwenye mambo mengine zikabaki na deni. Kabla hujapendekeza, uliza kama halmashauri yako ina deni la KKK. Kama lipo, utajibiwa kwa ukimya.

Na hela ya viwanja huja mara moja. Jiji la Dodoma, baada ya CDA, mamlaka iliyokuwa ikiustawisha mji huo, kuvunjwa mwaka 2017 na serikali kuhamia huko, liliuza viwanja hadi likaongoza nchi kwa mapato ya ndani. Viwanja vizuri vikiisha, au wanunuzi wakishiba, makusanyo hushuka. Walichofanya Dodoma vizuri ni kuchukua sehemu ya hela hiyo na kujenga vitu vinavyoingiza mapato, hoteli mojawapo. Sheria ya kujiwekea ninyi madiwani iwe hii: hela ya ardhi hailipi posho wala mafuta ya magari. Inanunua ardhi nyingine au inajenga kitu kinacholipa.

Huko mijini kwenye maghorofa kuna hatua moja zaidi. Jiji la São Paulo nchini Brazil tangu mwaka 2004 huuza kwa mnada, kupitia soko la hisa, vyeti vinavyompa mjenzi haki ya kuongeza ukubwa wa jengo katika maeneo maalumu, na fedha hurudi kwenye barabara na nyumba za eneo hilohilo. Ukipita Kariakoo na kuona nyumba ya Kiswahili imegeuka ghorofa kumi, jiulize ile thamani ya hewani ilikwenda kwa nani. Kwa wilaya yako hili lisubiri.

Serikali kuu nayo ina daftari lake la wapangaji, ila linaitwa hisa. Uwekezaji wake katika mashirika na kampuni zaidi ya 300 ulikadiriwa kuzidi trilioni 86. Gawio na michango ya trilioni 1 juu ya mtaji huo ni kama asilimia 1.2. Ni kweli ndani yake kuna vyuo na hospitali ambavyo havikuanzishwa vilete faida, kwa hiyo usiichukue asilimia hiyo kama hukumu. Lakini hata ukiviondoa, mashirika mengi ya kibiashara hayatoi chochote.

Angalia NMB. Ilizaliwa baada ya NBC ya zamani kugawanywa mwaka 1997. Mwaka 2005 serikali iliuza asilimia 49 kwa kundi la wawekezaji lililoongozwa na Rabobank, mwaka 2008 ikauza nyingine kwa wananchi kupitia Soko la Hisa la Dar es Salaam, ikabaki na karibu asilimia 32. Kwa mwaka 2022 ilipata gawio la bilioni 45.5, mwaka 2023 bilioni 57.4, mwaka 2024 bilioni 68.1, mbali na kodi ambazo benki inalipa kama kampuni nyingine yoyote. Theluthi moja ya benki inayoendeshwa vizuri imezidi benki nzima inayoendeshwa kwa simu za wakubwa. Twiga Minerals ni habari ya namna hiyo: kwa makubaliano na Barrick serikali ikapata asilimia 16 bila kutoa mtaji, na gawio la kwanza, Oktoba 2020, likawa dola milioni 40.

Wengine watakwambia uza tu. Kenya iliuza asilimia 25 ya Safaricom mwaka 2008 kwa shilingi 5 kwa hisa, ikapata shilingi bilioni 50 zake. Mwishoni mwa 2025 ikatangaza mpango wa kuuza asilimia 15 nyingine kwa shilingi 34 kwa hisa. Karibu mara saba, na katikati hapo kuna gawio la miaka 17 lililokwenda kwa wengine. Sisemi walikosea mwaka 2008. Bajeti ilikuwa na haja, na maelfu ya Wakenya wa kawaida walipata hisa. Kuuza mali inayozaa ili kulipa matumizi ya kawaida ndiko kunakoniumiza kichwa.

Mnada wa masafa ni mwepesi kuueleza. Oktoba 2022 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, iliyauza kwa kampuni za simu na kupata zaidi ya dola milioni 187. Masafa hayaonekani, hayaishi kwa kutumiwa, na mnada ulimwondolea mtumishi wa umma kazi ya kukisia bei. Vitalu vya uwindaji navyo viliingizwa kwenye mnada wa kielektroniki mwaka 2019 badala ya kugawiwa mezani. Chochote ambacho serikali inagawa kwa barua na watu wanakipigania, kinafaa kuangaliwa kwa jicho hilo, na hata kwenye halmashauri vipo: maeneo ya mabango, haki ya kuendesha maegesho, machimbo ya mchanga na kokoto.

Hatifungani, yaani kukopa kwa wawekezaji kwa kuwauzia hati yenye riba. Hapa nenda taratibu, maana imekuwa neno la fasheni. Tanga UWASA, mamlaka ya maji ya Tanga, ilitoa hatifungani ya kijani mwaka 2024 ikitafuta bilioni 53.12 kwa miaka 10, riba asilimia 13.5 kwa mwaka. Ikavuka lengo na kuorodheshwa soko la hisa. Ni jambo kubwa: mamlaka ya mkoa imekwenda sokoni kwa jina lake, bila kukaa foleni ya Hazina. Lakini piga hesabu, bilioni 53 kwa asilimia 13.5 ni zaidi ya bilioni 7 za riba kila mwaka, mvua inyeshe isinyeshe. Tanga wanaweza kwa sababu wana wateja wenye mita, wanaolipa ankara kila mwezi. Hatifungani haileti mapato. Inayavuta mbele yale ambayo tayari yanakuja. Mwaka huohuo CRDB ilitafuta bilioni 150 kwa hatifungani ya miundombinu ya Samia ili wakandarasi wa TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, walipwe mapema, ikapata zaidi ya bilioni 320. Hela ya kukopesha ipo nchini, tena nyingi. Kinachokosekana ni miradi yenye uwezo wa kuirudisha.

Na usidhani kuiweka kwenye simu kunatosha. Kenya ilizindua M-Akiba mwaka 2017, dhamana ya serikali ambayo mtu aliweza kuinunua kwa simu kuanzia shilingi 3,000. Majaribio ya milioni 150 yaliisha haraka. Toleo kubwa lililolenga bilioni 1 likapata karibu robo yake. Waliojisajili walikuwa wengi, walionunua wachache. Kenya imejaribu pia kuuza mapato ya kesho: mwaka 2025 shilingi 7 kati ya 25 za tozo ya mafuta kwa kila lita zikawekwa rehani ili zipatikane bilioni 175 za kulipa madeni ya wakandarasi. Wakandarasi walihitaji hela zao, hilo sibishi. Ila barabara za miaka ijayo zitatengenezwa kwa kilichobaki.

Halmashauri yako haitoi hatifungani kesho. Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Sura ya 290, inataka kibali cha waziri kwa mikopo, na bila hesabu safi kwa miaka kadhaa hakuna mwekezaji atakayewasikiliza. Na kuhusu masoko na stendi za kisasa, ile miradi ya kimkakati, kumbuka Machinga Complex ya Ilala. Ilijengwa kwa mkopo wa NSSF, wafanyabiashara wakalikwepa kwa sababu wateja hawapandi ghorofani kutafuta soksi, na deni likaendelea kuumuka huku vizimba vikiwa vitupu. Kabla ya kujenga, simameni hapo mahali kuanzia alfajiri hadi jioni mhesabu watu wanaopita.

Kuna fedha ya wageni pia. Rwanda ilipandisha kibali cha kuona sokwe wa milimani kutoka dola 750 hadi 1,500 mwezi Mei 2017, na ikapandisha sehemu ya mapato ya hifadhi inayokwenda kwa wanavijiji jirani kutoka asilimia 5 hadi 10. Mgeni wa mfuko mdogo akavuka kwenda Uganda, lakini Rwanda ilikuwa imeshachagua mteja wake. Zanzibar tangu Oktoba 2024 inamtaka mgeni kutoka nje ya nchi akate bima ya safari ya dola 44 ya Shirika la Bima la Zanzibar. Kwa wilaya yenye msitu, waulize watu wa Tanganyika, Katavi, ambako vijiji vinane vinalipwa kwa kuutunza msitu wa Ntakata kupitia biashara ya kaboni, yaani kuuza hewa ukaa ambayo msitu umeizuia, na vimejenga madarasa na zahanati kwa hela hiyo. Kuna kanuni za biashara hiyo tangu mwaka 2022. Msisaini mkataba wowote wa kaboni kabla mwanasheria wenu hajausoma mgawanyo wa mapato na urefu wa muda; huwa ni miaka mingi kuliko umri wa baraza lolote. Bahati nasibu siijadili. Wanaoinunua zaidi ni haohao unaotaka kuwanusuru.

Kwa kikao chako, Mheshimiwa, nisingependekeza mambo kumi. Omba mawili yaandikwe kwenye muhtasari. La kwanza, uhakiki wa wapangaji wote wa halmashauri ukamilike kabla viwango vipya vya ushuru havijapitishwa. Sheria ndogo ya kubadilisha ushuru inachukua muda hata hivyo, kwa hiyo hakuna atakayesema unachelewesha bajeti. La pili, afisa ardhi na mthamini walete andiko la eneo moja tu la kupima kwa kugawana na wenye mashamba, likiwa na hesabu ya gharama na jina la akaunti ambamo hela itakaa. Wakikujibu kwamba hakuna fedha ya kuanzia upimaji, waulize kifungu cha safari na semina kwenye rasimu hiyohiyo kina kiasi gani. Ukurasa wake usiuulizie, utafute mwenyewe usiku wa kabla ya kikao.